Nani Amemwita Baba Elizabeth?

Akiru wangu,

Barua huanza kwa kumuuliza aliye mbali kama yu mzima. Mimi sina haja ya kuuliza, maana nakusikia kutoka hapa mezani. Kwaya yenu inakuaga pale kanisani, na sauti yako ndiyo ile inayowatangulia wenzako kidogo kila ubeti, kama kawaida yako. Nina nafasi mpaka wamalize kukuombea, na unajua maombi ya mchungaji wetu hayana haraka. Basi ngoja niandike.

Nilikuwa nimeingia chumbani kwako kukuletea shuka ulilolisahau kwenye kamba. Begi lako lipo mlangoni, limejaa, zipu imevutwa mpaka mwisho. Kompyuta yako iko juu ya rafu, imefunikwa kitambaa, waya wake umekunjwa vizuri pembeni. Nilisimama pale nikiwa nimeshika shuka. Kumbe hukuwa unatania Jumapili uliposema, "Mathe, nikifika Nairobi nitawaomba wanipe kazi ya kupokea simu. Mambo ya kuandika programu niachie."

Watu wamekuita huko uandike programu, mwanangu. Walisoma kazi yako wakakuita. Kesho asubuhi unapanda basi la Kitale, na kama kompyuta itabaki hapa rafuni, nitajua umeondoka umeshakata tamaa kabla ya kufika. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mengine hayanisumbui.

Kwa hiyo sitakuambia habari za kuchemsha maji, wala za kushika mkoba kwa mbele, wala za wanaume wanaojitolea kukubebea begi. Mama yako mkubwa alishayasema hayo yote tangu asubuhi, tena mara mbilimbili, na baba yako akamalizia kwa simu kutoka Lokichoggio huku watu wakimpigia kelele asogeze lori. Nilikuona unaitikia "ndiyo, Apa" huku macho yako yako kwingine kabisa.

Mimi nataka kukukumbusha habari ya zile akala zako.

Ulikuwa mdogo, umeanza tu kuingia shule. Baba yako alikuwa amekununulia akala mpya, vile viatu vya tairi, pale sokoni Lodwar, nawe ukazipenda mpaka ukawa unalala nazo. Siku ya pili ukaanza kulia njiani. Tukitembea unalia, tukisimama unanyamaza. Nilikuvua akala nikaangalia mguu, mguu hauna kitu. Nikakuvika, tukaenda, ukalia tena. Hapo mama yako nikaanza kazi ninayoijua, ya kukisia. Nikasema ana njaa, nikakununulia mandazi. Nikasema ni jua. Nikasema ni deko, anataka kubebwa, nikakufinya kidogo. Nisamehe hilo, ingawa najua unalikumbuka kuliko mandazi.

Mwishowe nilichoka. Ukapiga hatua moja, nami nikakudaka katikati ya hatua, mguu mmoja ukiwa hewani na ule wa pili chini umebeba uzito wote. Nikakuambia, "Simama hivyohivyo, usishuke, usiendelee." Nikapiga magoti mchangani nikatazama ule uliokuwa chini. Ndipo nikauona. Mwiba wa mti wa mathenge ulikuwa umeingia kwenye tairi ukakatikia ndani. Ukivua, haujitokezi. Ukisimama kawaida, haujitokezi. Mpaka uzito wote uangukie upande mmoja ndipo ncha yake inapanda na kukuchoma. Niliutoa kwa koleo la baba yako, nawe ukakimbia mpaka nyumbani.

Miaka ikapita. Unajua nilivyoingia kwenye kazi hii. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi, mtu wa barua za wakubwa, nikajifunza programu ukubwani kwa ukaidi tu, kisha nikapata kazi ya kufundisha vijana kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Jumatatu kwenda, Ijumaa kurudi. Ulipomaliza shule nikakuchukua uende nami, ukae darasani kama wengine. Nilikuwa mwalimu mbaya kwako. Wengine walipokosea niliwasikiliza. Wewe ukikosea nilikuwa nakunyang'anya kibodi. "Hapa ndipo pameharibika," nasema, nabadilisha. Bado inakataa. "Basi ni hapa." Nabadilisha tena. Bado. Tukimaliza, tumevuruga mistari iliyokuwa mizima na ule mbovu uko palepale unatucheka.

Ni siku ile niliyowafundisha kidoti chekundu ndipo ulipogeuka kunitazama. Nilikuwa nawaeleza yale majaribio madogomadogo tunayoandika, kila moja linapima kazi moja tu ya programu, likifaulu linang'aa kijani, likianguka linakuwa jekundu. Nikasema, likianguka usikisie. Bonyeza kando ya namba ya mstari unaoushuku, kidoti chekundu kitatokea. Endesha jaribio lile moja tu, na programu ikifika kwenye mstari huo itasimama kabla ya kuutekeleza. Haijafa, imesimama tu, na kila ilichobeba kiko mkononi. Weka mshale juu ya jina la kitu na utaona ndani yake mna nini wakati huohuo. Kisha unaruhusu mstari mmoja, unatazama, unaruhusu mwingine.

Wewe ukasema kwa sauti, mbele ya darasa zima, "Si hiyo ni ile ya akala? Mguu juu!"

Ikabidi niwasimulie wote. Vitabu vinakiita breakpoint, lakini tangu siku hiyo darasa letu likawa linakiita mguu juu. Kijana kutoka Kongo alikuwa akikwama anapaza sauti, "Madame, mi naweka mguu juu lakini inapita mbio tu!" nawe unamjibu bila hata kugeuka kwamba amebonyeza kibonyezo cha kuendesha kawaida badala ya kile cha kutafutia makosa, chenye picha ya mdudu. Wewe mwenyewe kosa hilo lilikuweka mchana kutwa, usijifanye umesahau. Uliniambia kompyuta imerogwa.

Nafurahi nikiyakumbuka hayo. Sasa nifike kwenye lile ambalo hatulitaji nyumbani humu.

Kliniki ile ya Kakuma ilituomba programu ya kuwakumbusha watu kwa simu siku zao za kurudi, dawa za presha, chanjo za watoto. Tuliiandika pamoja, mimi na wewe, na karani wao Peter akawa anaingiza majina. Kisha ukakataa katakata ujumbe uanze na jina tupu. "Mtu mzima haitwi tu hivyo 'Elizabeth, njoo,'" ulisema. "Ni lazima kuwe na Mama au Baba." Nikakubali. Nilikulea hivyo mwenyewe.

Orodha yao haikusema nani mwanamke na nani mwanamume. Ndipo ukaandika ule mstari. Jina likianza na A au Na, huyo ni Mama. Likianza na E au Lo, huyo ni Baba. Akiru ni msichana na Ekiru ni mvulana, nani asiyejua? Mtoto wa Kiturkana anajua hilo kabla hajaota meno. Ukaandika na majaribio yake: Akiru, Ekiru, Nakai, Lokai, majirani wote wa mtaa huu. Ukayaendesha, yote kijani. Nilicheka nikakupiga bega. Nilikuambia mtu wa Nairobi asingeweza kuandika mstari mfupi namna ile. Nakumbuka vizuri nilivyojivuna.

Aliyekuja wa kwanza ni Abraham, yule fundi baiskeli wa kambini, na nyuma yake bibi kizee mwenye fimbo, mavumbi mpaka magotini. Akasema, "Mumeita mama yangu, huyu hapa. Ametembea kutoka kule mwisho. Nyinyi mnamtaka na nini?" Simuni mwake mlikuwa mmeandikwa, "Mama Abraham, tafadhali fika kliniki." Dawa zilikuwa za Abraham mwenyewe. Yule mama akapewa kiti, akapewa chai, akapimwa presha kwa kuwa ameshafika, na ikakutwa iko juu. Tulicheka sana siku hiyo, na hata Abraham alicheka. Nami sikujiuliza zaidi.

Kesho yake akaja Elizabeth.

Unamjua, anayeuza chai pale mabasi yanaposimama, aliyekuwa akikuwekea tangawizi nyingi kuliko wengine. Alikuja amevaa gauni lake la kanisani, na nilipoliona hilo gauni nilijua kuna jambo, kwa sababu ilikuwa siku ya kazi. Akaiweka simu mezani, mbele yako hasa, si mbele yangu. Akauliza taratibu:

"Nani ameita baba yangu?"

Ukaisoma. "Baba Elizabeth, tafadhali fika kliniki kesho." Herufi E.

"Baba yangu tulimwacha njia," akasema. "Mimi nilikuwa mdogo. Watu walikimbia, sisi tukakimbia, yeye akabaki nyuma. Hakuna mtu aliniambia amekufa. Hakuna mtu aliniambia ako hai. Sasa nyinyi mmemwita. Kama mnajua mahali ako, niambieni. Mimi nimevaa, niko tayari."

Ni mimi niliyemjibu. Nilimwambia ni kosa la kompyuta, na ilikuwa ni uongo, ila ndilo neno la kwanza lililonijia. Aliitazama simu kidogo, akaitia mfukoni. Akasema, "Basi, sawa," akatoka. Nawe ulikuwa umeshatoka kwa mlango wa nyuma.

Niliyoyafanya baadaye unayajua, na nayaandika ili uyaone tena pamoja nami. Nilimgeukia Peter. Nilimwambia ameingiza majina vibaya, amechanganya watu, hajali. Maskini akasimama akasema, "Mimi niliandika tu vile walisema, madam. Angalia." Sikuangalia. Mimi mama yako nina moto, na moto wangu hutafuta mtu wa karibu. Nilikuwa narudi kulekule kwenye mandazi na kukufinya.

Jumamosi hiyo tulikuwa hapahapa mezani, wewe na mimi. Ukafungua kompyuta, ukaandika jaribio jipya, lenye jina moja tu, Elizabeth, nalo lilitarajia neno Mama. Ukaliendesha. Jekundu. Nikanyoosha mkono kuchukua kibodi, ukanishika kifundo cha mkono. Hukunitazama. Ulinishika tu mpaka nikakaa.

Ukaweka mguu juu kwenye ule mstari wako. Ukabonyeza kile chenye mdudu. Programu ikasimama. Ukapeleka mshale juu ya jina: Elizabeth. Limeingia zima, herufi zote, Peter hakukosea hata moja. Ukaruhusu mstari mmoja. Herufi ya kwanza: E. Ukaruhusu mwingine, na tukaliona neno Baba likiingia mahali pake mbele ya macho yetu. Programu haikuwa imekosea kitu. Ilifanya sawasawa na ulivyoiambia. Tulikaa tukiitazama imesimama hivyo na feni yake inazunguka.

Ulinyanyua uso ukasema, "Majaribio yangu yote yalikuwa watu wa kwetu."

Hapo nilitaka tuongeze safu ya mwanamke au mwanamume kwenye orodha, tumalize. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema kuna wajane wasiopenda Mama Fulani, kuna waliopoteza watoto, kuna wasio na mtoto kabisa, na kila ukiwaita hivyo unawachoma. Ukasema, "Mathe, kwani lazima tujue sisi? Si tumuulize tu?" Ukaufuta mstari wako wote. Mahali pake ukaweka swali moja la Peter kumuuliza kila mtu anapojiandikisha: ungependa tukuiteje? Atakachosema ndicho kinachoandikwa. Ukamaliza, ukaendesha majaribio, kijani, ukaifunga kompyuta. Tangu siku hiyo hujafika Kakuma, na hujaandika mstari mwingine. Walipokupigia kutoka Nairobi ulipokea simu kana kwamba unasomewa hukumu.

Sikukusukuma. Nilidhani nikinyamaza utapoa. Sasa naona kunyamaza kwangu nako kulikuwa kukisia, na nilikisia vibaya.

Akiru, uliandika mstari mbovu. Sitakudanganya kwamba haukuwa wako, na sitakuambia haukuumiza mtu, kwa sababu nilikuwepo. Lakini niliuona na mahali ulipotokea. Ulitokana na adabu. Ulitaka mtu mzima aitwe kwa heshima, na heshima uliyoijua ni ya nyumbani kwenu. Kisha, pamoja na aibu uliyokuwa nayo, ulikaa chini ukautazama ukifanya kazi, mstari kwa mstari, bila kumsingizia Peter wala kompyuta. Mimi nilishindwa siku ileile. Ninafundisha watu jambo hilo kila wiki na nilishindwa.

Jana nilikuwa Kakuma. Nilikuambia nimechelewa kwa sababu ya gari, na sivyo. Nilikwenda kunywa chai kwa Elizabeth. Ilinichukua wiki nyingi kupata ujasiri wa kukaa kwenye benchi lake. Nilimwambia unaondoka. Nikamwambia ukweli, kwamba halikuwa kosa la kompyuta, kwamba ni binti yangu aliyeandika na mimi niliyecheka nikasema vizuri.

Alikuwa anachuja chai. Akasema, "Najua. Ile siku niliona uso yake. Kompyuta haina uso kama ile."

Nikamwomba msamaha kwa niaba yako na kwa niaba yangu. Akanionyesha kwa mkono nikae, maana nilikuwa nimesimama bila kujua. Kisha akafuta mikono, akatoa simu yake, akaitafuta kidogo, akanipa. Ulikuwa ujumbe wa wiki iliyopita kutoka kliniki. Nauandika hapa kama ulivyokuwa: "Elizabeth binti Majok, tafadhali fika kliniki Jumanne."

"Peter aliniuliza, unataka tukuite nani," akasema. "Mimi nikafikiria kwanza. Nikamwambia, andika bint Majok. Hapa kambini mimi ni Mama Chai. Kwa kadi mimi ni namba. Hakuna mahali jina ya baba yangu inaitwa. Sasa kila mwezi inaitwa. Ikilia, nasomea wateja, wanasikia."

Nilimrudishia simu kwa sababu nilikuwa nashindwa kuisoma. Akaniongezea chai bila kuniuliza. Halafu akasema, "Yule binti bado anaandika?"

Nikamwambia, "Anasafiri kesho kutwa." Akanitazama kama mtu anayejua amejibiwa swali jingine. Akasema, "Mwambie bint Majok anamsalimia. Mwambie ile ya kwanza iliniuma. Na mwambie hii ya pili, mimi sifuti."

Ndiyo salamu niliyotoka nayo Kakuma, na njia nzima mpaka Lodwar nilikuwa natafuta namna ya kukupa. Nilifika nikakukuta unakunja nguo na mama yako mkubwa anahutubia, nikanyamaza tena. Kwa mdomo nitalia, na nikilia utaanza kunibembeleza, na hatutafika popote.

Huko unakokwenda watakukisia, mwanangu. Watasikia jina lako na watafikiri wanajua umetoka wapi, umekula nini, umesoma kiasi gani. Wengine watakuuliza kama kwenu kuna umeme. Nilikuwa nikiogopa hilo kwa ajili yako tangu walipokuita, maana mimi mwenyewe nimelipitia na lilinifanya niwe mkali. Tangu jana siogopi sana. Kama kuna mtu katika ofisi hiyo atakayekuwa na akili ya kuuliza kabla ya kuandika, nadhani ni yule aliyewahi kuona Elizabeth amevaa gauni la kanisani siku ya kazi. Hilo ulilobeba ni zito, nami singependa ulibebe, lakini kwa kuwa umeshalibeba, litumie.

Utaandika mistari mingine mibovu. Nami naandika mpaka leo. Juzi nilikaa asubuhi nzima nikitafuta kosa ambalo lilikuwa nukta mbili nilizozisahau. Ukikwama usinipigie uniulize nadhani ni nini, kwa sababu nitakuambia ninachodhani, na unanijua. Weka mguu juu kwanza, utazame, ndipo unipigie unieleze ulichokiona. Mchana wowote nitapokea. Nikiwa darasani nitawaambia wanafunzi wanyamaze wakusikilize.

Nimefungua kompyuta yako, usikasirike, neno la siri bado ni jina la paka wako. Nimeongeza jaribio moja chini ya lile la Elizabeth. Jina nililoweka ni lako, Akiru. Mahali pa jibu, panapotakiwa kuandikwa ungependa tukuiteje, sikujaza kitu. Kando ya mstari huo nimeweka kidoti chekundu. Nilitaka kuandika mwandishi wa programu, nikaandika kweli, kisha nikafuta, kwa sababu ningekuwa nakukisia.

Nawasikia wanasema amina, tena ile ndefu, kwa hiyo mchungaji amefika mwisho na wewe utatokea hapo kwenye kichochoro sasa hivi na wasichana wote nyuma yako. Ninakupenda, Akiru. Nilikupenda hata nilipokuwa nakunyang'anya kibodi. Nyumba hii itakuwa kimya vibaya sana kesho na sijui nitamkaripia nani.

Barua nitaitia ndani ya shuka, utaikuta ukijifunika kwenye basi, au hata leo ukifika chumbani, kwa vile utaona kuna kitu kimebadilika. Kompyuta nimeichaji, imejaa. Nimeirudisha palepale juu ya rafu na kitambaa chake juu, sitaitia mimi kwenye begi. Ila begini nimepunguza zile chupa za mafuta za mama yako mkubwa, nafasi imepatikana, na zipu nimeiacha wazi.

Aliyekudaka mguu ukiwa hewani,
Mama